Sanduku la Maswali: Kusoma Jiolojia Chuo Kikuu na Kuitafutia Kazi

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jiolojia, jambo ambalo si la ajabu kwa kuwa haya ndiyo majira ambayo vijana waliomaliza kidato cha sita wanachagua kozi na wazazi wao hawalali. Nimechagua barua nne ambazo maswali yake yanajirudia katika nyingine. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Shikamoo mama mshauri. Nimemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PGM (fizikia, jiografia na hisabati). Baba yangu mdogo ana duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, la dhahabu, naye anasema nikisoma jiolojia nitamwonyesha mwamba ulipo. Mwalimu wangu anasema nisome uhandisi wa migodi, kwa sababu huko ndiko kwenye ajira. Tofauti yake ni nini hasa, na mjiolojia hufundishwa nini chuoni? – Msomaji, Kahama

Marahaba mwanangu. Mgodini kuna watu watatu ambao watu wa nje huwachanganya. Mjiolojia ndiye anayesema mbale, yaani mwamba wenye madini, iko wapi, imekaa kwa umbo gani, ni tani ngapi na ina gramu ngapi za dhahabu katika kila tani. Mhandisi wa migodi hupokea maelezo hayo na kuamua namna ya kuifikia na kuitoa bila mwamba kuwaangukia watu na bila gharama kuzidi mapato. Wa tatu ni mtaalamu wa uchenjuaji, ambaye kazi yake ni kuitenganisha dhahabu na jiwe baada ya jiwe kufika kwenye karasha, ile mashine ya kupondea mawe. Wa kwanza akikosea, hao wawili watafanya kazi nzuri mno mahali pasipo na kitu.

Mwalimu wako ana hoja, kwa maana mgodi ukishafunguliwa huhitaji wahandisi kila siku, ilhali kazi ya utafutaji hupanda na kushuka pamoja na bei ya madini duniani, na bei ikianguka wajiolojia wa utafutaji huwa wa kwanza kurudishwa nyumbani. Hata hivyo hoja hiyo peke yake isikuamulie. Safari nyingine utakapomtembelea baba mdogo kwenye duara lake, jichunguze mwenyewe. Ikiwa macho yako yanakwenda kwenye magogo ya kuegemeza kuta, kamba na pampu ya maji, na unaanza kuwaza jinsi ya kuyapanga vizuri zaidi, huenda mwalimu wako anakujua kuliko unavyojijua. Ikiwa yanakwenda ukutani, kwenye ule mshipa mweupe wa kwatzi unaonenepa mahali pamoja, ukakonda, kisha ukakatika ghafla kama uliochinjwa kwa panga, na usiku ukalala ukijiuliza kipande chake cha pili kimekwenda wapi, basi hilo ni swali la jiolojia, na lina majibu.

Chuoni utaanza na madini na namna ya kuyatambua: ugumu wake, rangi ya unga wake yakisuguliwa kwenye kigae cheupe, na jinsi yanavyopasuka. Baadaye utafika kwenye miamba yenyewe, mikunjo na mipasuko ya ardhi, visukuku, jiokemia, jiofizikia na maji ya chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya mwaka wa mwisho ni kazi ya kuchora ramani ya jiolojia ya eneo ulilopewa, ukilipita kwa miguu yako. Kwenye tahasusi yako hukusoma kemia, na hilo nakuambia mapema kwa sababu madini ni kemia tupu. Tafuta vitabu vya kemia vya kidato cha tano uvisome kabla chuo hakijafunguliwa. Shahada ya jiolojia hutolewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma, na sifa za kujiunga hutangazwa kila mwaka katika mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu. Soma mwongozo wa mwaka huu, si ule alioutumia kaka yako. Anayekosa alama za shahada asikate tamaa, kwani Chuo cha Madini Dodoma hutoa astashahada na stashahada, na nimefanya kazi na mafundi sanifu wa pale waliokuwa wakimshinda mwenye shahada kwa jicho.

Kuhusu baba mdogo, mwambie kwa heshima kwamba shahada haimpi mtu macho ya kupenya udongo. John Williamson, mjiolojia wa Kanada aliyekuwa na shahada ya uzamivu, alizunguka kwa miaka kadhaa akitafuta almasi kabla ya kuipata Mwadui, Shinyanga, mwaka 1940. Unachoweza kumsaidia baba mdogo ni kitu kidogo zaidi, lakini cha hakika. Miamba ya kale ya ukanda wa kusini mwa Ziwa Victoria, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, imebeba dhahabu hasa pale ilipopasuliwa na kusuguana, kwa sababu maji ya moto yenye madini yalipita kwenye nyufa hizo. Ukipima mwelekeo na mwinamo wa mshipa wake, na ukijua ule ufa ulioukata umesukuma upande gani, unaweza kumwambia achimbe kuelekea wapi na, muhimu zaidi, wapi aache kuchimba. Wachimbaji wadogo wengi hufilisika kwa kufuata mwamba uliokwisha kuisha.

Dada mshauri, habari za kazi. Binti yangu amechaguliwa kusoma jiolojia. Ndugu zangu wanasema hiyo si kazi ya mwanamke, kwamba atakaa porini na wanaume na hataolewa. Mimi sina neno, lakini nina hofu. – Mzazi, Moshi

Kaka, salama. Hofu yako ni ya mzazi na siwezi kuidharau, ila ile hoja ya ndugu zako ni ya zamani kuliko wao. Mkataba Na. 45 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1935 ulikataza kuwaajiri wanawake katika kazi za chini ya ardhi migodini, na hata mkataba huo uliruhusu wanawake walio masomoni kushuka mgodini kwa mafunzo. Ndugu zako wamekuwa wakali kuliko sheria ya 1935.

Nilipoanza kazi, kampuni moja ambayo sitaitaja ilinipeleka kwenye kambi ya utafutaji yenye choo kimoja kisicho na komeo, kisha ikashangaa kwa nini nilikuwa naamka saa kumi alfajiri. Msimamizi aliniweka ofisini kupiga chapa taarifa za wenzangu, eti ananihurumia. Ilinichukua miezi mitatu kupata ruhusa ya kwenda kwenye banda la sampuli, na nilipofika nikagundua kwamba masanduku kadhaa ya sampuli za mwamba uliotolewa ardhini yalikuwa yamepangwa kinyumenyume, mita ya chini ikiwa juu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenirudisha kwenye taipureta. Simulizi hili si la kukutisha. Mfundishe binti yako kuuliza kabla ya kusaini mkataba: kambi ina vyoo na mabafu ya wanawake, mlango unafungwa kwa ndani, kuna mwanamke mwingine, gari la dharura liko wapi usiku, na malalamiko hupelekwa kwa nani. Mwajiri anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Pia si kweli kwamba mjiolojia huishi porini maisha yake yote. Kazi nyingi siku hizi hufanyika maabara, kwenye kompyuta ya ramani na takwimu, au ofisini kukagua leseni. Wengine huingia kwenye vito, na Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha kuvitambua na kuvikata. Kuhusu kuolewa, mimi nimeolewa na mtu niliyekutana naye kwenye mtambo wa kuchoronga, yaani wa kutoboa mashimo ardhini, kwa hiyo sina ushahidi wa kuwasaidia ndugu zako.

Mama, shikamoo. Niko mwaka wa pili, na likizo hii naenda fildi kwa wiki nane kwenye kampuni ya utafutaji. Nijiandae na nini, nijifunze programu gani za kompyuta, na kwa nini walimu wetu wanatupigia kelele kuhusu daftari kana kwamba bado tuko darasa la nne? – Mwanafunzi, Dodoma

Marahaba. Programu kwanza, maana zinakupa kiherehere kuliko zinavyostahili. Jifunze kutumia lahajedwali vizuri kabisa, halafu QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye kompyuta mpakato ya kawaida. Leapfrog, Surpac na Micromine, zinazochora umbo la mbale chini ya ardhi, ni za kulipia, kampuni itakufundisha iliyonayo. Vifaa ni nyundo, lenzi ya mkononi inayokuza mara 10, dira yenye kipima mwinamo, chupa ndogo ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa ya kupimia chokaa, kofia pana na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kiatu kipya kimewashinda wanafunzi wengi kuliko mtihani wa jiofizikia.

Sasa daftari, na hapa nitakaa kidogo.

Siku ya pili au ya tatu utapelekwa kwenye banda la kore. Kore ni ule mhimili wa mwamba, mviringo na mrefu kama mpini wa jembe, unaotolewa na mtambo wa kuchoronga na kulazwa kwenye masanduku yenye mifereji. Kila mahali mtambo uliposimama, mchorongaji huweka kibao kilichoandikwa kina. Kazi yako ya kwanza ni kupima kwa futi ya chuma kama mita 3 zinazotajwa kwenye vibao ni mita 3 zilizomo sandukuni. Zikiwa mita 2 na nusu, nusu mita imepotea, na lazima ujue imepotea wapi, kwa sababu mara nyingi kinachosagika na kusombwa na maji ni ule mwamba laini uliopondeka, ambao ndio wenye kitu. Kisha unailowesha kore kwa brashi, maana jiwe kavu halisemi kitu, unainama na lenzi, na unaandika unachokiona: rangi, ukubwa wa chembe, mshipa una unene wa sentimeta ngapi na umekatiza kwa pembe gani, pairaiti, yale madini ya njano ya chuma na salfa, ni nyingi au chache. Dhahabu yenyewe kwa kawaida hutaiona. Mwamba wa gramu 3 kwa tani unaweza kuendesha mgodi, na gramu 3 katika tani nzima hazina sababu ya kukuonekania wewe.

Andika unachoona kabla ya kuandika unachofikiri, na viwili hivyo usivichanganye katika mstari mmoja. Mwanafunzi akiandika «mwamba wenye dhahabu» ameandika tumaini. Akiandika «mshipa wa kwatzi wa kijivu, sentimeta 12, pairaiti kiasi cha asilimia 3 kwenye kingo», mtu mwingine anaweza kurudi kwenye sanduku lile lile baada ya miaka 10 na kumsahihisha.

Sababu ya ukali huo ina historia. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X ilitangaza kwamba imepata hazina kubwa mno ya dhahabu huko Busang, Indonesia, na hisa zake zikapanda hadi kampuni ikathaminiwa kwa mabilioni ya dola. Desturi ya kazi yetu ni kuipasua kore katikati kwa msumeno, nusu moja ikaenda maabara na nusu ikabaki sandukuni kwa ajili ya atakayetilia shaka. Bre-X walisaga kore nzima. Mwaka 1997 kampuni nyingine ilipochoronga mashimo yake pembeni ya yale ya zamani, haikukuta dhahabu ya maana, na uchunguzi ukaonyesha kwamba sampuli zilikuwa zimetiwa unga wa dhahabu kutoka nje. Akiba za watu wa kawaida ziliyeyuka. Kutokana na mkasa huo Kanada ikatunga kanuni kali za utoaji wa taarifa za madini, zilizoanza kutumika mwaka 2001.

Ndiyo maana utakuta kampuni yako inachomeka sampuli za mtego katika kila kundi linalokwenda maabara: moja isiyo na dhahabu kabisa, moja ambayo kiasi chake kinajulikana, na nyingine iliyo pacha wa sampuli iliyotangulia. Maabara haijui ni ipi. Omba upewe kazi ya kuzipanga sampuli hizo na kusoma majibu yake yakirudi, hata kama wenzako wanaiona kazi ya kuchosha na wanakimbilia mtamboni kupiga picha. Katika usaili wangu wa waombaji kazi, swali ninalolipenda ni hili: sampuli isiyo na dhahabu imerudi na dhahabu, utafanya nini? Waliowahi kukutana nalo hujibu kwa utulivu. Wengine huanza kunieleza umri wa miamba ya Geita.

Ukishaajiriwa, uzoefu huo huo ndio utakaokupandisha. Chini ya kanuni kama JORC ya Australia, anayetia sahihi kwenye taarifa ya kiasi cha madini lazima awe mwanachama wa chama cha kitaaluma kinachotambuliwa, na awe na uzoefu usiopungua miaka 5 katika aina ile ya mbale na kazi ile. Miaka hiyo huanza kuhesabika kwenye banda la kore, ukiwa na mikono michafu na daftari lililolowa.

Neno moja la adabu: ukifika kijiji chochote, usishuke na nyundo. Anzia ofisi ya mtendaji wa kijiji na barua yako ya utambulisho, useme umekuja kufanya nini, na ukiokota jiwe mbele ya watu ueleze kwa Kiswahili cha kawaida kwa nini umeliokota. Kijiji kisichoelezwa hujieleza chenyewe, na maelezo yake huwa ni kwamba umekuja kuiba rupia za Mjerumani.

Habari mshauri. Nilihitimu jiolojia miaka miwili iliyopita. Nimeomba kazi kwenye migodi yote ninayoijua na sijaitwa hata usaili mmoja. Je, nilikosea kozi? – Mhitimu, Singida

Pole ndugu yangu. Hukukosea kozi, bali umeomba kazi kwa waajiri wa aina moja. Vyuo vyetu vimetuzoesha kufikiri kwamba jiolojia ni dhahabu, na wewe unaishi katika mkoa ambao shida yake kubwa ni maji.

Singida, kama Dodoma, imekaa juu ya graniti ya kale. Graniti nzima haishiki maji. Maji hukaa katika tabaka lililooza juu yake na katika nyufa zilizo chini ya tabaka hilo, ndiyo sababu kisima kimoja hutoa maji tele na kingine, hatua 100 kutoka hapo, hutoa vumbi. Visima vya Makutupora vimeinywesha Dodoma kwa miongo mingi kwa sababu ya nyufa za namna hiyo. Kuyatafuta maji haya hakuhitaji ndege wala mamilioni. Unapigilia fimbo nne za chuma ardhini kwa nyundo, unapitisha umeme kati ya mbili za nje na kusoma volti kati ya mbili za ndani, kisha unazisogeza zile za nje mbali zaidi ili umeme uzame zaidi. Graniti nzima huupinga umeme vikali, iliyooza na kulowa huupitisha. Ukinzani ukishuka mno, usishangilie kabla ya kuuliza kama si maji ya chumvi. Kwa mtu aliyesoma jiolojia, mbinu hii hujifunzwa kwa wiki chache kwa kumfuata mtu anayeifanya.

Usiishie kwenye kuyapata maji tu. Katika maeneo ya volkano, kama vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru, maji yana floridi nyingi inayotoka kwenye miamba yenyewe, na utaiona kwenye meno ya kahawia ya watoto. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mjiolojia anayeweza kusema kabla ya kuchoronga kwamba eneo hili litatoa maji yasiyonyweka anaiokolea serikali ya kijiji fedha nyingi.

Kazi nyingine ziko pale ambapo wahandisi wa ujenzi wanahitaji kujua wanasimama juu ya nini: mahandaki ya reli ya SGR kule Kilosa, mabwawa, misingi ya madaraja. Ziko pia kwenye majanga. Desemba 3, 2023 matope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji wa Katesh na kuua watu zaidi ya 80, na bado ni halmashauri chache ninazozijua zenye ramani ya miteremko yake ya hatari. Kenya, ambako mvuke wa Olkaria umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981, wajiolojia wa jotoardhi ni kada kamili, na huku kwetu kazi ya namna hiyo inaendelea Ngozi, Mbeya. Ukifikiria kuvuka mpaka, kumbuka kwamba Kenya ina Sheria ya Usajili wa Wajiolojia ya mwaka 1993, hivyo shahada peke yake haikutoshi kutia sahihi ripoti.

Kwa sasa fanya hivi. Andika upya wasifu wako ukiondoa sentensi ya kwamba una shauku na sekta ya madini, uweke badala yake idadi ya mita za kore ulizowahi kuzipima na kuziandikia maelezo, ramani uliyoichora na kipimo chake, na vifaa unavyoweza kuvitumia bila kusimamiwa. Peleka nakala RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani, Bodi ya Maji ya Bonde la Kati, na kwa kila kampuni ya kuchoronga visima iliyo na gari mjini hapo. Usiwaombe ajira mwanzoni. Waombe nafasi ya kufuatana nao kwenye upimaji wa kisima kimoja, ubebe waya, na uwaandikie taarifa. Shimo likichorongwa, kaa pembeni ya mtambo, okota unga wa kila mita, uuoshe, na ulinganishe na ulichokuwa umekiandika.